UZI: Gari limekataa kusimama. Askari alifukuze au aliache?

Sikio la Redio (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila baada ya siku chache inazuka klipu mpya: gari linakata kona kwa fujo, nyuma yake polisi na king'ora, na maoni chini yake hayabadiliki. Nusu wanashangilia kama wako uwanjani. Wengine wanauliza kwa nini askari hapigi tu risasi ya tairi mambo yakaisha. Swali ambalo mimi nililipwa mshahara kuliuliza silioni: huyo jamaa kafanya nini?

Nilikaa kwenye chumba cha mawasiliano cha polisi miaka 11. Kikosi sikitaji, mji siutaji, na msije inbox kunichimba. Sikuwahi kushika usukani wa gari la doria hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa redio ya upepo, ramani na mdomo. Na kwenye kazi ile kuna neno moja lilinishinda kulitamka kuliko yote, nalo ni "acha".

Tuelewane kwanza. Trafiki akikuwashia vimulimuli ukatembea mita mia mbili ukitafuta pa kuegesha, hujakimbia. Waingereza kwenye mwongozo wao wanasema kufukuzana kunaanza pale dereva anapoonyesha kwa vitendo kwamba hana nia ya kusimama, na askari naye akaamua kuendelea nyuma yake. Hapo kuna maamuzi mawili. La kwanza ni la dereva, lawama zake abebe mwenyewe. La pili ni la serikali, na kanuni zote tunazozijadili zinahusu hilo la pili.

Sasa niwape picha. Kwenye redio sauti ndiyo inayokuambia kila kitu. Askari anaanza vizuri: namba za gari, rangi, anaelekea wapi. Dakika haijaisha sauti imekuwa nyembamba, anabonyeza kitufe akiwa ameshaanza kuongea, anakiachia kabla hajamaliza, unapata vipande vya maneno. Nyuma yake king'ora, injini, na mwenzake wa kiti cha pembeni anasema "kulia, kulia, kulia". Mtu huyo ukimuuliza kasi atakutajia pungufu. Si mwongo. Hajaangalia dashibodi.

Kwenye ukingo wa skrini yangu nilibandika kikaratasi kwa selotepu, kikakaa pale mpaka kikawa cha njano. Kina maswali manne. Kosa gani? Tunamjua ni nani? Kasi na barabara vikoje? Nani mwingine yumo garini? Askari wapya walikuwa wanajibu la kwanza kwa kusema "amekataa kusimama". Nawarudishia: hilo nimelisikia, nauliza kabla ya kukataa kusimama alifanya nini. Kinapita kimya, halafu: taa ya nyuma haiwaki. Au: kapita taa nyekundu. Au ile niliyoichukia kuliko zote, "alionekana ana wasiwasi".

Msimamo wangu ni huu, nipigeni mawe ila yawe ya hoja: mwenye usukani asiwe ndiye mwamuzi. Askari wengi niliofanya nao kazi walikuwa watu wazuri tu, lakini moyo unaopiga vile haupimi kitu. Aliyekaa kwenye kiti, chai yake imepoa mezani, ndiye awe na mamlaka ya kusema endelea au acha, na akisema acha iwe amri. Kifungu hicho kikikosekana, vilivyobaki vyote ni karatasi.

Karibuni.

Kiti cha Mbele

Nawahi siti. Uzi huu utafika mbali.

Gia ya Tano

Mkuu heshima yako, ila hapa unawaandikia wezi mwongozo wa kazi.

Gari langu liliibwa usiku getini. Kesho yake nikaliona kwa macho yangu linapita, nikapiga simu, gari la doria likalikuta, likalifuata dakika mbili tatu hivi, kisha likawasha indiketa likaingia pembeni. Likawasha INDIKETA, wakuu. Nikaja kuambiwa kanuni haziruhusu. Lilipatikana wiki ya tatu, limebaki bodi na milango miwili.

Ukishatangaza kwamba kwa wizi wa gari hufukuzwi, nani atasimama? Mlevi, mwenye leseni ya kufoji, mwenye mzigo kwenye buti, wote wanajua dawa ni kukanyaga mafuta. Na hili la mtu wa ofisini kumwongoza aliyeko barabarani silikubali. Aliyeko kwenye tukio anaona. Wewe ulikuwa unaona kidoti kwenye ramani.

Binti wa Mahakamani

Naomba niingie, maana watu wanachanganya vitu viwili: kile ambacho mahakama haitakuadhibu ukikifanya, na kile ambacho mwajiri wako anakuruhusu. Marekani ndiko kesi hizi zimefika Mahakama ya Juu mara nyingi, nachukua huko.

Mwaka 1985, Tennessee dhidi ya Garner. Kijana wa miaka 15, hana silaha, anapanda uzio akimbie, akapigwa risasi. Mahakama ikasema kukimbia peke yake hakutoshi kumuua mtu, lazima askari awe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba huyo ni hatari kubwa kwake au kwa wengine. Mwaka 1989 ikaja Brower dhidi ya Inyo. Familia ya dereva wa gari la wizi ilidai polisi walikata barabara nzima kwa lori la matairi 18, nyuma ya kona, usiku, na taa za gari la polisi zimeelekezwa machoni kwa anayekuja. Alifia pale. Majaji wakasema kizuizi ulichokiweka makusudi kumsimamisha mtu ni ukamataji, kwa hiyo namna ulivyokiweka inahojiwa.

Baada ya hapo upepo ukageuka. Mwaka 1998, Sacramento dhidi ya Lewis: pikipiki, mbio za sekunde 75, ikaanguka, gari la polisi likashindwa kusimama na kumuua abiria wa miaka 16. Kikatiba, wakasema, haitoshi kuonyesha kwamba askari alipuuza hatari. Uonyeshe alikusudia kudhuru, kwa nia isiyohusiana na kumkamata mtu. Jaribu kumthibitishia mtu nia ya namna hiyo uone.

Halafu Scott dhidi ya Harris, 2007, na Sikio la Redio hii utaipenda. Kijana kakutwa anakwenda kilomita 117 kwa saa penye 88. Akakimbia. Askari akaomba ruhusa redioni alizungushe gari lake kwa kuligusa ubavu wa nyuma, na mkubwa wake akaitoa bila kuuliza mbio zimeanzia kwenye kosa gani. Askari akaona kasi ni kubwa mno kwa mtindo huo, akaligonga nyuma moja kwa moja. Kijana akapooza mikono na miguu. Majaji wanane wakasema askari hakukosea kikatiba, na mahakama ikaiweka video kwenye tovuti yake watu wajionee. Jaji Stevens aliitazama video hiyo hiyo na kupinga peke yake.

Na Plumhoff dhidi ya Rickard, 2014: gari lilisimamishwa kwa taa moja ya mbele kutowaka. Likaishia kwa risasi 15, dereva na abiria wake wote wakafa, na askari hawakuwajibishwa.

Kwa hiyo ukisubiri majaji wakupangie lini ufukuze, utasubiri sana. Wanaopanga ni wakuu wa vikosi. Na msidhani wanapanga kwa huruma tupu: California, kikosi chenye sera ya maandishi ya kufukuza magari na kinachowafundisha askari wake kila mwaka kinaweza kupata kinga ya kutolipa fidia. Hesabu ya pesa imo humo ndani.

Mpole Mkali

Bado hamjajibu. Risasi ya tairi kwa nini isipigwe? Dakika moja tumemaliza.

Sikio la Redio

Mpole, wewe lenga kitu kinachozunguka, kinachoruka ruka, ukiwa dirishani kwenye gari linaloyumba. Ikikosa inaenda wapi? Ikipata, gari lenye tani moja na nusu kwa kasi ile limepoteza tairi moja na halina mwenye kuliongoza. Ikimpata dereva ni mbaya zaidi, sasa lina mguu wa maiti kwenye mafuta. Ndiyo maana vikosi vingi vimepiga marufuku kufyatulia gari linalotembea, isipokuwa kwa hatari ya maisha ya papo hapo.

Kutoboa tairi kunafanyika, ila kwa utepe wa miiba unaotandazwa barabarani. Miiba ile ina matundu kama sindano, hewa inatoka taratibu, gari linaishiwa nguvu badala ya kupinduka. Na huyo anayetandaza anasimama kandokando ya barabara gari linakuja kwa kasi zote. Wapo askari waliofia pale.

Binti wa Mahakamani

Naongeza Ufaransa. Mwaka 2017 walipitisha sheria iliyopanua mazingira ambayo askari anaweza kulifyatulia gari lililokataa kusimama. Tarehe 27 Juni 2023 kijana wa miaka 17 akapigwa risasi Nanterre kwenye usukani, nchi ikawaka moto siku kadhaa. Ubishi mkubwa baadaye ukawa juu ya maneno ya sheria ile: askari wanayaelewaje wakiwa na sekunde mbili za kuamua?

Fundi Breki

Mimi sheria sijui, najua breki.

Gari likiwa kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Kwa 120 linakula 33. Dereva mzuri, macho makavu, anachukua kama sekunde moja na nusu kuiona hatari na mguu kufika kwenye pedali. Kwa 120 hizo ni mita 50 zimeshakwenda breki haijaguswa. Kisha breki zenyewe, lami kavu, tairi nzima, mita 80 hivi. Jumla 130. Kwa 60 jumla yake ni kama 45. Watu wanadhani kasi ikizidi mara mbili, umbali wa breki nao unazidi mara mbili. Unazidi mara nne. Na kishindo cha kugonga ni hivyo hivyo.

Hiyo ni hesabu ya gari zima. Gari la doria lina watu wawili, silaha, vikorokoro kwenye buti, na breki zilizochemka kwa kona sita zilizopita. Breki ikichemka pedali inakuwa laini kama unakanyaga sponji. Nimeshafungua pedi za magari hayo zinang'aa kama kioo, unaweza kujitazamia. Dereva anakuambia "fundi, siku hizi haishiki". Haitashika.

Na hapo bado anayefukuzwa. Huyo gari lake lilifanyiwa sevisi lini?

Helmeti Nyeusi

Mie mtu wa pikipiki. Nauliza kitu kimoja: ni kweli Uingereza ukivua helmeti ukiwa unakimbia polisi lazima waache?

Sikio la Redio

Uvumi huo umeua watu. Hakuna sheria ya hivyo. Kinachotokea ni kwamba hatari ikipanda, na kichwa kitupu ni hatari, anayesimamia anapima upya. Anaweza kusema acha, anaweza kusema endelea. Kwa kweli London walikwenda upande wa pili kabisa: wizi wa kutumia skuta ulipozidi, madereva waliofunzwa maalumu waliruhusiwa kuzigusa pikipiki makusudi ziangushwe. Na sheria ya mwaka 2022 ya huko inampima dereva wa polisi aliyefunzwa kwa kipimo cha dereva mwenzake mwenye mafunzo yale yale, siyo kwa kipimo cha raia anayekwenda kazini. Vaa helmeti yako, mkuu.

Mhesabu Vidole

Wacha nilete namba, kila mtu atapata za kumfurahisha na za kumuudhi.

Ofisi ya takwimu za haki ya Marekani ilikadiria polisi wa kule walifukuza magari mara 68,000 hivi mwaka 2012 pekee. Kuanzia 1996 hadi 2015 waliokufa kwenye ajali za mbio hizo ni wastani wa 355 kwa mwaka. Karibu mtu mmoja kila siku kwa miaka 20, na hawa wote si wakimbiaji.

Utafiti wa Geoffrey Alpert uliotoka 1997 ndio unaotajwa sana. Kikosi cha Metro-Dade, Florida, kilibana kanuni mwaka 1992, kufukuza kukabaki kwa makosa makubwa ya kutumia nguvu tu. Mbio zikashuka kutoka 279 hadi 51 mwaka uliofuata. Omaha, Nebraska, wao walilegeza mwaka 1993, zikapanda kutoka 17 hadi 122. Nani aliyebadilika pale? Wahalifu ni wale wale. Kilichobadilika ni karatasi. Alpert aliwauliza pia watuhumiwa waliokuwa jela, na zaidi ya asilimia 70 walisema wangepunguza mwendo wakiona wameachwa.

Sasa ya kumfurahisha Gia ya Tano. New Zealand walibana Desemba 2020. Kufikia 2022 madereva wanaokataa kusimama walikuwa karibu maradufu, na 2023 polisi wakalegeza tena. Jimbo la Washington walibana kwa sheria 2021, wakalegeza kidogo 2023, na 2024 wakairudisha karibu pale ilipokuwa. Wananchi walilalamika kwamba watu wanawapungia mkono askari na kuondoka.

Ila angalizo: idadi ya wanaokimbia siyo idadi ya wanaokufa. Mtu akikupa moja kama jibu la nyingine, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Gia ya Tano

Asante Mhesabu. New Zealand imeongea. Sikio la Redio jibu hiyo, na usijifiche nyuma ya chai.

Sikio la Redio

Sijifichi. Ni kweli, ukibana na ukatangaza, wapo watakaokukimbia kwa raha zao. Kanuni ya kuacha bila mpango wa kumpata mtu kesho yake ni kusalimu amri tu. Queensland, Australia, walibana sana kufukuza lakini wakalifanya kosa la kukimbia lenyewe liwe na meno: adhabu ya chini kabisa ni faini ya yuniti 50 (yuniti ni kipimo cha faini, thamani yake imepangwa kisheria) au siku 50 jela, na mwenye gari anabanwa aseme nani alikuwa anaendesha. Maana gari lina namba, lina mwenyewe, lina pa kulala. Kuna helikopta. Kuna vifaa kama StarChase, gari la doria linarusha kidubwasha chenye GPS kinaganda kwenye gari la mbele, halafu polisi wanarudi nyuma na kulitazama kwenye ramani likienda kuegeshwa. Gari lako, kaka, lingepatikana na milango yote minne. Kosa lao halikuwa ile indiketa. Kosa ni kwamba baada ya indiketa hakuna aliyefanya chochote kwa wiki tatu.

Umesema niliona kidoti. Kweli. Sasa nikusimulie siku niliyosema endelea.

Usiku, wizi wa gari, kama lako. Dereva wa doria alikuwa mzoefu, namheshimu mpaka leo. Nikamuuliza maswali yangu manne, akanijibu yote vizuri, barabara nyeupe, kasi anaimudu. Nikasema endelea. Baada ya dakika nne nikapaswa kuuliza upya, maana kanuni zinasema unapima upya kila hali inapobadilika, na walikuwa wameshatoka barabara kuu wakaingia kwenye makutano ya mtaa. Sikuuliza. Mbio zilikuwa zimenikolea na mimi, wakuu. Nimekaa kwenye kiti na mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu. Nikasikia redioni "la tatu, la tatu, gari la tatu", kisha kitufe kikabaki kimebonyezwa na hakuna anayeongea.

Mwizi alitoka na mchubuko kwenye paji la uso. Aliyekuwa gari la tatu sitamzungumzia hapa.

Ndiyo maana nimeandika kwamba aliyekaa ndiye awe mwamuzi, na leo naongeza: naye awe na mtu wa kumshika bega. Chumba chetu usiku kilikuwa na mimi peke yangu.

Kiti cha Mbele

Dah.

Mama Pacha

Sikutaka kuandika. Mimi nilikuwa gari la tatu. Siyo la tukio la Sikio la Redio, jingine kabisa, mbali na huko.

Taa yangu ilikuwa ya kijani. Vioo vimepandishwa, wanangu wanaimba nyuma, nimezima redio ili nisikie wanachoimba. Watu wanadhani king'ora kinasikika toka mbali. Mimi nilikisikia BAADA ya kugongwa. Nilikuwa tayari nimetazama upande mwingine, vioo vimenijaa mapajani, ndipo kikaja kikilia, kikapunguza, kikasimama. Wanangu wazima, namshukuru Mungu. Goti langu lina chuma na linajua mvua kabla ya watu wa hali ya hewa.

Alikuwa anafukuzwa kwa nini? Niliuliza miaka miwili. Nikajibiwa: alikuwa hana leseni.

Gia ya Tano

Mama Pacha pole sana. Nisamehe kama nilivyoandika juu kulikugusa.

Sijahama upande wangu wote, lakini niulize kwa adabu: kuna siku wafukuze? Mtu kamteka mtoto yuko naye garini. Mtu kamwaga risasi sokoni na anaelekea sehemu nyingine. Hapo pia tunatazama kidoti?

Binti wa Mahakamani

Hapo karibu kanuni zote zinakubaliana: fukuza. PERF, taasisi ya Marekani inayowakutanisha wakuu wa polisi wenyewe, ilitoa mwongozo mwaka 2023 kwa fedha za Wizara ya Sheria. Wanataka mambo mawili yawepo pamoja: kosa la kutumia nguvu limefanyika, na huyo mtu ni tishio la karibu la kufanya jingine. Mtekaji wako kaingia. Mwenye risasi kaingia. Mwizi wa gari lako samahani hajaingia.

Lakini hata kosa kubwa halikupi hundi isiyo na tarakimu. Ontario, Kanada, Aprili 2024: mtuhumiwa wa unyang'anyi kwenye duka la pombe alifukuzwa mpaka akaingia barabara kuu ya 401 upande usio wake, anakwenda kinyume na magari, na polisi wakaingia nyuma yake kinyume vilevile. Wakafa yeye, babu na bibi waliokuwa wanakuja kwenye njia yao halali, na mjukuu wao mchanga.

Sikio la Redio

Ile ya 401 niliisoma mara tatu. Kila kanuni niliyowahi kuiona inataja kuingia upande usio wako kama mahali pa kuacha, au angalau pa kuomba ruhusa mpya. Na Gia ya Tano, kwa mtekaji nafukuza, tena nafukuza na mtoto yumo, lakini nafukuza kwa mbali: helikopta juu, magari mbele yake yanasafisha makutano, la nyuma yake linabaki moja au mawili tu. Msururu wa magari kumi ya polisi unaouona kwenye klipu hausaidii chochote. Kila gari linaloongezeka ni dereva mwingine mwenye moyo unaodunda. Na kila mmoja anadhani wa mbele yake ndiye anayefikiria.

Kulizungusha gari kwa kuligusa ubavu, ambako watu mnakupenda sana, vikosi vingi vya Marekani vinavyoruhusu vinaweka kikomo cha kasi, wengine kilomita 56 kwa saa. Ukilizungusha kwa 130 usiite mbinu.

Mpole Mkali

Nimeelimika. Nafuta risasi ya tairi.

Kiti cha Mbele

Mzee Sikio, mimi la mwisho. Ukishasema "acha", nini kinatokea? Wanageuka tu wanaondoka?

Sikio la Redio

Kuna utaratibu. Anazima king'ora na vimulimuli, anapunguza, anaingia pembeni au anakata barabara nyingine, anasimama kabisa, ananitajia alipo na kilomita za dashibodi. Asimfuate kimyakimya bila taa, hiyo ni kufukuza kwa jina lingine na ni mbaya zaidi, maana sasa hata waenda kwa miguu hawajui. Ndiyo maana nilimtetea yule wa indiketa.

Redioni unasikia king'ora kikikatika katikati. Halafu pumzi. Mwenzake wa pembeni kwa kawaida anatukana, mbali kidogo na maiki. Dereva anasema "nimepokea" kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa sahani. Wewe unaandika saa. Kesho yake asubuhi hawakusalimii kwenye korido, na hilo nalo unalizoea.

Wengi wa waliotukimbia hatukuwahi kujua ni nani. Gari moja, la ile taa ya nyuma isiyowaka, tulilikuta asubuhi mitaa mitatu kutoka tulipoachia. Limeegeshwa vizuri ndani ya mistari, limefungwa, funguo ziko juu ya tairi la mbele. Askari aliyenipigia alikuwa anacheka. Nikamwambia ajaribu taa. Akafungua, akawasha, akazunguka nyuma.

"Bado haiwaki," akasema.